Punje Thelathini na Nane

Ukitaka kumkasirisha Ininahazwe, mhesabu. Mnyooshee kidole useme moja, kisha mnyooshee aliyeketi pembeni yake useme mbili. Hutafika tatu. Atakutolea macho, ataweka ungo chini, na yote utakayoambiwa baada ya hapo umejitakia mwenyewe, maana mdomo wa mama huyu hauna kufuli.

Wala si ukorofi wa bure. Mama yake, Niyomwungere, alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mjane wa miaka ishirini. Kule mlimani kwao alishuhudia wanaume wakiitwa kwa majina uwanjani, wakahesabiwa mmoja mmoja wakipanda lori, na lori halikurudi. Akaja akaolewa upya Makere, huku Kasulu, akalima mihogo, akazaa, na kila mtoto aliyeanza kutambaa akafundishwa jambo moja kabla hajafundishwa kusalimia: abantu ntibaharurwa, watu hawahesabiwi. Anayehesabiwa ni mbuzi, kwa sababu ana siku yake ya kuchinjwa. Na wenyeji aliowakuta hapo hawakumshangaa. Muulize mzee yeyote wa Kasulu ana watoto wangapi, atakujibu wapo, Mungu anasaidia, halafu atabadilisha mazungumzo.

Basi mtu aliyekulia katika mafundisho hayo ndiye alikuja kukabidhiwa kazi ya kuhakikisha idadi ya wenzake. Dunia ina vituko.

Ghala la Nurudini lipo nje kidogo ya mji wa Kasulu, kwenye barabara ya kwenda Kibondo. Malori hushusha hapo maharage kutoka Kibondo, Kakonko na vijiji vya njiani, na wanawake huketi kwenye mikeka kuyachambua: mazima huku, yaliyobunguliwa kule, mawe na udongo pembeni. Ininahazwe amechambua hapo miaka kumi na sita. Mgongo wake unaijua kazi hiyo kuliko kichwa chake. Mumewe anafuga nyuki Kibondo na hurudi akijisikia; mwanawe wa mwisho yuko sekondari; na sufuria ya nyumbani hutegemea huo ungo. Ghalani wanamwita Mama Reverien, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Mwaka mmoja mnunuzi mkubwa wa Dar es Salaam alisema hatachukua hata gunia moja mpaka wafanyakazi wapewe mafunzo ya kujikinga na dharura, na zoezi lifanyike mbele ya mkaguzi wake. Nurudini alikunja uso wiki nzima. Mwishowe akamleta mwalimu kutoka Kigoma mjini, mwanamume mwembamba anayeitwa Tharsisi, na mitungi miwili myekundu ya kuzimia moto. Hadi siku ile moto wa ghala hilo ungezimwa kwa maombi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kucheka. Tharsisi aliwasha matambara kwenye nusu pipa, akawaambia wavute pini, waelekeze mdomo wa mpira kwenye shina la moto, wabane. Mama mmoja akambania mwalimu mwenyewe, akawa mweupe kama aliyeanguka kwenye unga wa muhogo. Lakini mwalimu alipofika kwenye vidonge vya kufukizia wadudu, kicheko kilikatika. Kila baada ya miezi michache vidonge hivyo huwekwa chini ya turubai kubwa lililofunika magunia kule nyuma ya ghala. Miaka yote wale wanawake walikuwa wakipita pembeni yake wakienda kuchukua magunia matupu, na aliyewahi kuumwa kichwa alimeza panadol akaendelea.

"Gesi yake huioni," Tharsisi alisema. "Inanuka kama kitunguu saumu, au samaki aliyeoza. Ukingoja mpaka uisikie vizuri, umechelewa. Turubai likiwa limefunikwa, hakuna mtu kuwa karibu yake. Hakuna."

Ininahazwe alimkumbuka mwenzao mmoja aliyekuwa akitapika kila walipofukiza, na wao wakamtania kwamba ana mimba. Alisikia haya mpaka masikioni. Haya ikageuka hasira, na hasira ikamtazama Nurudini aliyekuwa amesimama mlangoni akichezea simu.

Siku ya pili kulikuwa na kukimbia. Kengele ya ghala ni rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo; ikigongwa kwa chuma, kila mtu aache alichonacho, atoke, akasimame upande wa pili wa uwanja, karibu na uzio wa waya. Walitoka vizuri. Kisha Tharsisi akanyoosha kidole, akaanza: moja, mbili, tatu.

Ungedhani amemwaga siafu. Mmoja akajificha nyuma ya mwenzake, mwingine akachuchumaa kufunga kandambili isiyo na kamba, wawili wakabadilishana nafasi wakicheka pembeni. Mwalimu akapata ishirini na sita. Akarudia, akapata thelathini na tatu. Mara ya tatu akapata ishirini na tisa, akatupa kofia chini.

"Nyie mna matatizo gani? Nawahesabu tu!"

"Mwalimu," Ininahazwe akasema, "sisi tumekuwa magunia, utuhesabu? Wewe unataka kujua nini hasa?"

"Nataka kujua kama kuna mtu amebaki ndani anaungua!"

"Si ungesema hivyo tangu asubuhi."

Akaingia ofisini kwa karani, akatoka na beseni la bluu na kopo la maharage ya njano. Akaeleza kwa ufupi, maana hapendi kurudia. Kila anayeingia kazini asubuhi adondoshe punje moja kwenye beseni. Kengele ikilia, beseni litoke na mlinzi, na kila anayefika kwenye uzio achukue punje moja. Ikibaki punje, mwenyewe yuko ndani, tumtafute. Hakuna aliyeoneshwa kidole, hakuna aliyeitwa namba.

Tharsisi aliokota kofia yake. Walijaribu mara mbili, na mara zote mbili beseni likabaki tupu. Alifurahi kama mtu aliyepata mkwe. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu na hawezi kujizuia, akakusanya punje na kuzihesabu peke yake mezani, akafungua daftari la wafanyakazi.

"Bosi, punje ni thelathini na nane. Daftari lina watu thelathini na mmoja."

"Wametia mbilimbili hao," Nurudini akajibu bila kuinua macho. "Unawajua watu wa vijijini."

Hakuna aliyetia mbili. Wale saba walikuwepo kwa damu na nyama: vibarua wa siku, waliokuwa wakija kila siku kwa mwaka wa nne. Nurudini hakuwaandika, kwa sababu aliyeandikwa ana mkataba, ana likizo, na akiumia kuna mtu wa kuulizwa. Mwenye sauti kati yao alikuwa Nsimire, Mkongomani aliyeolewa na fundi baiskeli wa pale Kasulu. Jioni hiyo alimshika Ininahazwe mkono njiani.

"Mama Reverien, tafazali, usitutaje kwa ule mwalimu. Batatufukuza. Batoto batakula nini?"

Ininahazwe akaahidi. Aliahidi kwa moyo mzito, lakini aliahidi.

Kabla ya kuondoka, Tharsisi alimvisha Ininahazwe kizibao cha kung'aa na filimbi shingoni, akamwita mwakilishi wa usalama. Akawaambia wote, Nurudini akisikia: "Mkishatoka, hakuna anayerudi ndani na hakuna anayetawanyika, mpaka kila mtu apatikane na huyu mama apulize. Hata bosi akisema rudini, hamrudi."

"Hata bosi?" Ininahazwe aliuliza.

"Hata bosi. Ukipuliza wakati kuna mtu ndani, umemzika wewe."

Neno hilo lilimkaa. Siku mbili kabla ya mkaguzi kufika, Nurudini akamwita ofisini, akamvutia kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na sita.

"Mama Reverien, wewe ni mtu mzima. Mkaguzi ataangalia daftari, ataangalia watu. Nataka vilingane. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Waandike wale saba, vitalingana."

"Si jambo la haraka hilo."

"Miaka minne, bosi. Hata nyumba ya tofali huisha."

Nurudini akacheka kwa meno tu. Akasema basi, tuyaache. Ininahazwe akatoka akidhani yamekwisha, na hapo ndipo alipokosea. Mtu akikuambia tuyaache huku anacheka hivyo, hajayaacha.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo anayeitwa Shamsi, mwenye miwani na daftari lake, asiyesema sana. Alifika saa nne. Rimu ikagongwa. Wanawake wakaacha nyungo, wakatoka haraka bila kusukumana, mlinzi akabeba beseni, na kila mmoja akafika kwenye uzio akachukua punje yake. Shamsi akatazama saa, akaandika, akaonekana kuridhika. Nurudini alikuwa ametoa meno yote nje.

"Mama Reverien, puliza sasa."

Ininahazwe alitazama ndani ya beseni. Punje zilikuwa zimebaki.

Kwanza alidhani kuna waliosahau kuchukua. Akapitisha macho kwenye nyuso, moja baada ya nyingine, bila namba, kwa majina tu. Nsimire hayupo. Wale sita wengine, wa mkeka wa kushoto, hawapo. Asubuhi aliwaona kwa macho yake wakidondosha punje zao. Akamwinamia mlinzi. Mlinzi akajibu akitazama viatu vyake: bosi amewapeleka stoo ya magunia matupu, wakunje magunia. Mlango umefungwa kwa nje, na ufunguo anao yeye.

Stoo ya magunia matupu iko kule nyuma. Ukuta wake ni wa mbao, na mbao hizo zimeachana. Upande wa pili wa mbao kuna turubai, na chini ya turubai kulikuwa na vidonge vya siku ya tatu.

Tusimfanye jabari asiyejua hofu. Aliiona sufuria ya nyumbani, akamwona mtoto anarudishwa kutoka shule. Akaikumbuka na ile ahadi ya njiani. Kisha akamfikiria mama yake, aliyekimbia nchi nzima kwa kuogopa kuhesabiwa, na hawa saba ambao wangekufa leo kwa sababu hakuna aliyetaka kuwahesabu. Hasira iliyompanda hapo haikuacha nafasi ya kitu kingine.

"Puliza, mama," Nurudini alirudia, safari hii kwa sauti ya chini. "Mgeni anangoja."

"Sipulizi."

"Nini?"

"Sipulizi, bosi. Kuna watu ndani."

Shamsi akainua kichwa. Nurudini akacheka, akamgeukia mgeni, akasema huyu mama ana utani, daftari ni hilo, watu ni hao, thelathini na mmoja juu ya thelathini na mmoja. Akapiga makofi. "Haya, kina mama, zoezi limekwisha! Rudini kazini!"

Hakuna aliyesogea. Jua lilikuwa kali, vumbi la barabara ya Kibondo likiwapitia usoni, na wanawake wakasimama na punje zao mikononi wakimtazama Ininahazwe.

"Wamo saba," Ininahazwe akasema, na sasa alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. "Nsimire yumo na wenzake sita. Wamefungiwa stoo, pembeni ya turubai lenye dawa. Ufunguo uko mfukoni mwako, bosi. Kila neno unaloniambia mimi hapa, wao wanavuta pumzi moja ya ile dawa. Kafungue, kisha unifukuze. Nitakuwa hapahapa, sikimbii."

Nurudini akatazama huku na huku. "Hao si wafanyakazi wangu. Ni watu tu, wamekuja kuomba kazi."

"Hata kama ni wezi," Shamsi akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza refu tangu afike. "Wafungulie."

Walitoka wakiwa wamejifunika vitenge puani. Wawili walikuwa wakikohoa, mmoja akatapika kwenye majani. Wakavutwa mpaka penye upepo, wakalegezwa nguo, wakalazwa ubavu, sawasawa na walivyofundishwa, na mwendesha bodaboda akatumwa mbio kwenda kumleta tabibu. Mungu ni mwema. Mlango haukuwa umefungwa kwa muda mrefu. Nsimire alipoweza kusimama, hakumtazama Nurudini, alimtazama mkaguzi.

"Mi siko mbuzi ya kufungiya, madamu. Niko nafanya kazi hapa miaka ine. Uliza mikono yangu."

Kisha akaenda akachukua punje yake, na wenzake wakamfuata. Beseni likabaki tupu. Ndipo Ininahazwe alipopuliza filimbi, akaipuliza kwa nguvu mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Ungependa kusikia kwamba mambo yaliisha hapo. Shamsi aliondoka na cheti cha ghala mkobani bila kukitoa, akampa Nurudini siku kumi na nne: kila anayefanya kazi pale awe ameandikwa, na ile stoo ihamishwe. Kesho yake Nurudini akamwita Ininahazwe. Mara hii hakumvutia kiti. Mezani kulikuwa na barua imeshachapwa, inayosema: mimi mwakilishi wa usalama nilikosea hesabu, na wale saba walikuwa wageni waliojiingiza stoo bila ruhusa.

"Weka sahihi," alisema. "Wao watakwenda, wewe utabaki. Nitakufanya mnyapara."

Ininahazwe aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata mstari. Akachukua kalamu. Chini kabisa, pale palipoachwa kwa ajili ya jina lake, akaandika: Sikukosea.

Akanyang'anywa kizibao, akanyang'anywa na filimbi. Akaambiwa asionekane tena kwenye lango lile.

Sasa, Ininahazwe kuambiwa asionekane mahali ni sawa na kualikwa. Asubuhi iliyofuata aliamka saa yake ileile, akafunga kitenge chake kilekile, akaenda. Mlinzi akasema mama, nisamehe, nimekatazwa. Akamwambia sikulaumu, fanya kazi yako, lakini barabara hii si ya Nurudini. Akasimama nje ya uzio, mikono nyuma, akiwatazama wenzake wakiingia mmoja mmoja na kudondosha punje. Wale saba waliingia pia, kwa siku yao ya mwisho, walivyoambiwa. Baadhi walimpungia mkono kwa kujificha. Wengi waliinamisha vichwa, na hilo lilimuuma kuliko barua. Akajiambia, ndiyo dunia, kila mtu na sufuria yake.

Lori la Kibondo lilikuwa limeshaingia uwanjani, mashine ya mizani imewashwa, aliposikia rimu.

Alikimbilia uzio akashika waya kwa mikono miwili, akatafuta moshi. Hakukuwa na moshi. Mlango mkubwa ulikuwa wazi na wanawake walikuwa wakitoka, hawakimbii, hawasukumani, wanatembea kama watu wanaojua waendako. Walivuka uwanja wakaja mpaka pale kwenye uzio, upande wa ndani, hatua mbili kutoka kwenye vidole vyake. Wakasimama. Nsimire alikuja wa mwisho, bado ameshika chuma alichogongea.

Nurudini alitoka ofisini mbio, kikombe cha chai mkononi.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto," wakamjibu.

"Nini basi? Gesi?"

"Hakuna gesi."

"Sasa mmetoka kufanya nini? Lori linangoja! Rudini ndani!"

"Haturudi, bosi," alisema mama aliyewahi kumbania mwalimu mtungi, na sauti yake ilikuwa ikikatikakatika. "Tulifundishwa. Hakuna kurudi mpaka kila mtu apatikane. Kuna mmoja anakosekana."

Dereva wa lori alizima injini ili asikie vizuri. Nurudini aliwatazama wale wanawake, walioandikwa na wasioandikwa, ambao sasa walikuwa wamechanganyika hata usingeweza kuwatenga. Mkono wake wa kikombe ulishuka.

"Nani?" aliuliza. "Nani anakosekana?"

Hawakusema Mama Reverien. Walilitaja jina lenyewe, wote kwa pamoja, mpaka watu wa barabarani wakageuka.

"Ininahazwe!"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Aliachia waya, akatembea mpaka langoni, akasimama mbele ya mlinzi kifua mbele.

"Nipo," alisema. "Fungua."